Nani Aliwalea Vijana wa Uamsho?

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii sisi walimu tumewaambia wazazi mpaka imechakaa. Lakini inapokuja habari ya roho ya kijana, makanisa yetu huisahau upesi. Tunajenga kumbi, tunaandaa semina na makongamano ya Pasaka, tunawanunulia vijana magitaa na vipaza sauti, kisha tunashangaa kwamba kijana aliyeongoza kwaya shuleni haonekani tena kanisani akishapata kazi mjini. Tukiulizana sababu, huyu humlaumu shetani, yule hulaumu simu, mwingine utandawazi. Ni wachache wanaouliza swali jepesi zaidi: kijana huyu alikuwa na mtu mzima gani wa kumwendea?

Nimefundisha katika vyuo vya ualimu kwa miaka mingi, na miaka ya mwisho kabla ya kustaafu nilikuwa mkuu wa chuo. Kila chuo nilichopitia kilikuwa na tawi la UKWATA, na kila tawi lilikuwa na mkufunzi aliyeitwa mlezi. Jina lake liliandikwa kwenye daftari la tawi. Walezi wengine walionekana siku ya mahafali tu, wakaketi meza kuu, wakakata keki, wakatoa nasaha ya dakika kumi, basi. Lakini walikuwapo wachache ambao mwanachuo akifiwa usiku alijua kwamba mlango wa kugonga ni ule. Wachache hao hawakuwa wahubiri hodari kuliko wenzao. Tofauti yao na wengine ndiyo iliyonifanya, baada ya kustaafu, nisome upya habari za uamsho wa Afrika Mashariki, nikitafuta jambo moja tu: vijana wale waliotikisa makanisa yetu katika miaka ya 1930 na 1940 walilelewa na nani, na kwa namna gani?

Uamsho ule ulianza Rwanda na Uganda, ukavuka mpaka kuingia Buhaya, ukafika Ugogo, Kenya na Burundi. Uganda wafuasi wake waliitwa Abalokole, yaani waliookoka. Watu hudhani uliletwa na mikutano mikubwa. Ni kweli mikutano ilikuwapo, kama ule wa Kabale wa mwaka 1935. Lakini ukifuatilia maisha ya mtu mmoja mmoja utakuta kwamba nyuma ya kila mhubiri kijana palikuwa na mtu aliyekaa naye, na mara nyingi palikuwa nyumbani au njiani, mbali na jukwaa.

Mnamo mwezi Septemba 1929 daktari wa Kiingereza aliyeitwa Joe Church alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Alitoka Gahini, mashariki mwa Rwanda, penye hospitali ya misheni ya CMS karibu na ziwa Muhazi. Njaa kubwa ya miaka ya 1928 na 1929 ilikuwa imeua watu wengi katika nchi ile, na daktari alijiona ameishiwa nguvu na imani. Juu ya kilima cha Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, mtoto wa chifu, msomi wa Budo, ambaye alikuwa na kazi ya afya serikalini. Wawili hawa walikaa pamoja siku mbili, Biblia mbele yao, wakisoma habari za Roho Mtakatifu na kuomba.

Msomaji wa leo anaweza kupita juu ya habari hiyo bila kusimama. Lakini tukumbuke ulikuwa wakati gani. Ilikuwa enzi ya ukoloni, ambapo mmisionari ndiye aliyefundisha na Mwafrika ndiye aliyefundishwa. Daktari mwenye elimu ya Cambridge kuketi na mwenyeji kama mwanafunzi na mwanafunzi, wote wawili wakitafuta kitu wasichokuwa nacho, halikuwa jambo la kawaida. Naamini kwamba malezi yote yaliyofuata yalichukua sura yake katika siku mbili zile. Nsibambi aliacha kazi yake ya serikali akawa mhubiri. Hakupata kuwa kasisi maisha yake yote. Baadaye afya yake ilimfanya akae zaidi nyumbani kwake Namirembe, na watu wakawa wanamfuata huko huko mpaka alipofariki mwaka 1978.

Mmoja wa waliomfuata alikuwa Yosiya Kinuka, msaidizi wa tiba katika hospitali ya Gahini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 hospitali ile ilikuwa na manung'uniko mengi, na Kinuka alikuwa miongoni mwa wasioridhika. Dk. Church alimshauri aende Kampala akazungumze na Nsibambi. Kinuka alikwenda na malalamiko ya hospitali. Nsibambi akamrudisha kwenye hali ya moyo wake yeye mwenyewe. Katika safari ya kurudi Kinuka alibadilika, na baadaye akawa nguzo ya Gahini na kasisi wa Kanisa. Tuangalie jinsi jambo hili lilivyotendeka. Mkubwa wa kazi alimwona kijana wake amechukia, akatambua kwamba yeye si mtu anayefaa kumsikiliza, akampeleka kwa mwingine. Ni wakubwa wangapi wa kazi, au wa makanisa, wanaoweza kukiri kwamba kijana wao anahitaji sikio la mtu mwingine?

Wa pili alikuwa mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi. Huyu alikwenda Gahini kufundisha, akawekwa kuwa shemasi mwaka 1934. Mwaka uliofuata alijitenga kwa juma zima akiomba, na alipotoka mahubiri yake yalikuwa na moto ambao haukuwapo mwanzo. Mwezi Januari 1936 alifika Kampala kuzungumza mbele ya Sinodi ya Kanisa la Uganda. Homa ya papasi ilimkamata, akafariki kabla ya kusimama mbele ya wakubwa wale, hajatimiza miaka thelathini. Neno alilokuja nalo lilikuwa moja la Kiganda, zukuka, yaani amka. Kanisa lililichukua neno lile likalifanya wito wa mahubiri ya kuelekea mwaka 1937, ulipotimia mwaka wa sitini tangu wamisionari wa kwanza wafike Buganda. Neno la kijana aliyekufa likawa neno la Kanisa zima.

Huko Gahini ndugu walikuwa na desturi ya kukutana, na desturi hiyo ilienea kila uamsho ulikofika. Waliiita kutembea nuruni. Mganga, muuguzi, mwalimu, mpishi, mzungu na mwenyeji waliketi pamoja, na yeyote aliyekuwa na kosa moyoni alilitaja. Kijana aliweza kumsikia mkubwa wake akisema, "Jana nilikukasirikia bila haki, unisamehe." Mimi ni mwalimu, najua hatari ya mambo haya. Kuungama hadharani kunaweza kugeuka mashindano, au kukawapa wambeya chakula. Uamsho wenyewe haukuepuka hatari hizo. Hata hivyo, kijana aliyepata kumwona mtu mzima akitubu amefundishwa jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha: kwamba imani si ngazi ya watu waliokwisha kufika, bali ni njia ambayo wakubwa nao bado wanaitembea.

Jambo la pili ni kwamba vijana wale walipewa kazi mapema. Sisi wa vyuo vya ualimu tunalijua hili. Mwanachuo hawezi kuwa mwalimu kwa kuandika maelezo ya saikolojia tu. Inafika siku anapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, anaachiwa darasa na chaki, na mkufunzi anakaa dawati la nyuma na daftari lake. Mkufunzi mbaya huinuka katikati ya somo akanyang'anya chaki. Mkufunzi mwema huvumilia, hata mwanachuo anapokosea hesabu ubaoni, kisha baadaye, chini ya mti, humweleza taratibu. Walezi wa uamsho walikuwa wakufunzi wa aina ya pili. Walituma vikundi vya vijana kwenda kuhubiri nchi jirani, vijana ambao hawakuwa na shahada wala joho. Mwishoni mwa miaka ya 1930 vikundi hivyo vilifika hata Katoke, katika nchi ya Buhaya, penye chuo cha ualimu cha misheni, na kutoka pale moto ulienea katika shule na sharika za upande huo wa Tanganyika.

Lakini si kila mahali mambo yalikwenda vizuri, na hapa nafika kwenye kisa ambacho mkuu wa chuo yeyote hawezi kukisoma kwa moyo mtulivu. Mwaka 1941, katika chuo cha Bishop Tucker huko Mukono, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, walikuwapo wanafunzi waliokuwa wameokoka, miongoni mwao William Nagenda. Waliamka alfajiri sana kuomba na kuhubiri. Walikemea wizi na uasherati chuoni, na pia walilaumu theolojia ya kisasa waliyosema inapunguza nguvu ya Biblia. Mkuu wa chuo alikataza mikutano yao ya alfajiri. Wao walisema hawawezi kuacha. Mwisho wake wanafunzi 26 walifukuzwa.

Nimewahi kukalia kiti cha namna ile, kwa hiyo sina haraka ya kumhukumu mkuu yule. Chuo kina kengele, kina ratiba, kina wanafunzi wengine wanaotaka kulala. Mwanafunzi anayemwambia mwalimu wake hadharani kwamba hajaokoka anavunja zaidi ya sheria ya bweni. Vijana wa Mukono walikuwa na ulimi mkali, na ukali wa ulimi si tunda la Roho. Lakini sheria inapogusa sala, kijana hupewa nafasi ya kuona kwamba kumtii mkuu ni kumwasi Mungu, na akishafika hapo hakuna adhabu itakayomrudisha. Kwa maoni yangu kilichopungua Mukono kilikuwa mtu wa katikati, mzee ambaye wanafunzi wangemsikia kama ndugu na uongozi ungemwamini kama mwenzao. Bidii ya vijana bila mzee wa kutembea nao iligeuka kiburi, na utaratibu wa chuo bila mzee huyo ukageuka fimbo.

Tunashukuru kwamba mambo hayakuishia hapo. Askofu Cyril Stuart wa Uganda alijitahidi kuwashika pande zote mbili, na Abalokole kwa wingi wao waliamua kubaki ndani ya Kanisa badala ya kuanzisha la kwao. Nagenda hakupata upadrisho, lakini alihubiri katika nchi nyingi. Kwa uvumilivu huo Kanisa la Uganda halikupasuka vipande viwili, na baada ya miaka ishirini au thelathini watoto wa uamsho ndio waliokuwa wakikalia viti vya maaskofu.

Sisi wa Tanzania tulipata sehemu yetu ya mavuno hayo. Festo Kivengere alikuwa mwalimu huko Kigezi, kijana mlevi asiyetaka habari za kanisa. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi mwalimu mwenzake alivyomjia kwa baiskeli akamwomba msamaha kwa mambo waliyokuwa wakiyafanya pamoja. Baadaye Kivengere naye alipookoka alipanda baiskeli, akaenda safari ndefu kumwomba radhi mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Mwaka 1946 yeye na mkewe Mera walikuja Dodoma, akawa mwalimu katika shule ya sekondari ya Alliance, ile iliyokuja kuitwa Mazengo na ambayo majengo yake leo ni ya Chuo Kikuu cha St John's. Alikaa zaidi ya miaka kumi akifundisha vijana wetu darasani mchana na kukaa nao jioni. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa tarehe 16 Februari katika utawala wa Idi Amin, Kivengere alikimbia kwa miguu kuingia Rwanda. Luwum naye alianza akiwa mwalimu wa shule, naye aliokoka katika uamsho huo, mwaka 1948. Kadhalika Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, aliguswa na uamsho akiwa kijana.

Ningeweza kuishia hapo, nikaweka kalamu chini kwa furaha. Lakini historia inayoficha jipu haimsaidii mgonjwa. Rwanda, nchi ya Gahini, ndiyo nchi ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Katika siku mia moja hivi waliuawa watu wapatao laki nane kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya Serikali ya Rwanda. Wengi waliuawa ndani ya makanisa waliyokimbilia. Waliokatwa walikuwa wabatizwa, na waliokata walikuwa wabatizwa. Walikuwapo Wakristo waliokufa kwa kuwaficha jirani zao, na hao tusiwasahau. Lakini swali linabaki: ilikuwaje?

Nitasema lile ninaloliona mimi mwalimu. Katika miaka ile ile ya 1930 ambapo ndugu wa uamsho waliketi pamoja Gahini bila kubaguana, serikali ya Wabelgiji ilikuwa ikigawa vitambulisho vilivyoandikwa kabila. Baada ya uhuru vitambulisho viliendelea, na katika shule nyingi walimu waliwasimamisha watoto darasani, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Uamsho ulimfundisha kijana kutubu pombe, wizi, hasira na uzinzi, na ulifanya vema. Lakini haukumfundisha vya kutosha kuuliza kwa nini mwalimu wake anamsimamisha kwa kabila. Viongozi wa makanisa, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, walikuwa karibu mno na watawala kiasi kwamba swali hilo halikuulizwa kwa sauti. Malezi ya kiroho yanayosafisha moyo na kuuacha ubaguzi wa darasani ulivyo yamefanya kazi nusu.

Palipo na kisa cha kusikitisha kuliko vyote ndipo pia nilipopata tumaini. Katika parokia ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, mwezi Aprili 1994 watu wapatao elfu mbili walikimbilia kanisani, na kanisa likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri aliyesimamia parokia ile alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, na mwaka 2008, baada ya rufaa, adhabu yake ikawa kifungo cha maisha. Huyo alikuwa mchungaji wa vijana wa mahali pale.

Miaka mitatu baadaye, jioni ya tarehe 18 Machi 1997, wapiganaji waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange hiyo hiyo, wanafunzi wakiwa wanajisomea. Waliwaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa. Walisema wao ni Wanyarwanda. Wapiganaji walifyatua risasi na kutupa mabomu ya mkono. Sita walikufa, wengine walijeruhiwa, na leo Rwanda inawaenzi vijana wale miongoni mwa mashujaa wake. Sisemi kwamba uamsho ndio uliowalea, maana sina haki ya kudai sifa hiyo kwa niaba ya yeyote. Ninachosema ni kwamba mlezi anapojiuliza anamtayarisha kijana kwa ajili ya nini, jibu ni jioni kama ile, ambapo mkuu wa shule hayupo, mchungaji hayupo, na mtu mwenye bunduki anamwambia asimame na kabila lake.

Kwa wale waliopewa jina la mlezi, iwe chuoni, usharikani au jimboni, nina ushauri wa mzee aliyestaafu. Usianze na semina. Chagua vijana wawili au watatu ambao utayajua majina yao na ya wazazi wao. Wakaribishe nyumbani wale ulichonacho, wakuone unavyozungumza na mkeo au mumeo na unavyomtendea anayekuchotea maji. Ukiwakosea, waombe msamaha wewe kwanza. Kijana akikasirika nawe, umpeleke kwa mzee mwingine bila kuona wivu. Wape kazi ya kweli katika Kanisa kabla hujaona kwamba wameiva, kisha ukae dawati la nyuma, usinyang'anye chaki. Wanapokuwa na moto wa alfajiri, nenda ukaombe nao alfajiri hiyo, ili siku utakapowaambia wapunguze ukali wa ulimi wakusikie. Tena usiwafundishe dhambi za chumbani peke yake. Zungumza nao pia habari za rushwa, za ukabila, za udini, na za jirani anayeonewa, maana humo ndimo imani yao itakamopimwa.

Kazi hii haina mahafali. Kijana uliyemlea ataondoka, atapangiwa kazi mkoa wa mbali, na huenda usimwone tena. Lakini ukisikia kwamba huko aliko amefungua mlango wake kwa kijana mwingine, shukuru Mungu, kisha umtafute kijana wa mwaka wa kwanza ambaye bado hana wa kumwendea.